Mkuki Ambao Akiru Hakuurusha

Kuna uwanja mmoja kule Kakuma ambao mpaka leo nikipita karibu nao huangalia upande wa pili, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mkwe aliyemkosea. Ninyi mlionizoea mnajua mimi si mtu wa kuona haya upesi, nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya gwaride la shule nzima nikaamka nikipiga saluti, lakini ya Kakuma ni aibu ya namna nyingine, kwa sababu aliyeumia si mimi. Mimi nilichekwa tu, na kuchekwa hakuui. Aliyeumia ni msichana ambaye kosa lake lote lilikuwa kuniamini.

Mwaka huo wa 2013 nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari pale Lodwar. Nilikuwa nimetoka Bungoma, nimekaa Turkana miaka minne, na nilijiona mwenyeji kwa kuwa nilijua kusema ejok kwa kila niliyekutana naye na kujibiwa ejok. Mwaka uliotangulia nilichaguliwa (labda kwa sababu napenda mno kueleza mambo) kuwafundisha walimu wenzangu jinsi ya kuwalea vijana wa michezo saba. Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa mtu mmoja kufanya yote: siku ya kwanza anaruka viunzi, anaruka juu, anarusha tufe na kukimbia mita mia mbili, siku ya pili anaruka umbali, anarusha mkuki, halafu anamalizia na mita mia nane akiwa amekwisha kuchoka kama punda wa maji. Kila kimoja kina alama zake, zinajumlishwa, mwenye jumla kubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo humtafuti mtoto aliye hodari wa kitu kimoja. Unamtafuta asiyekata tamaa kwenye kitu chochote, unamlea taratibu, leo hatua za viunzi, kesho namna ya kushika tufe, bila kumgombeza kwa lile asiloliweza bado. Hilo nililiamini, na naliamini hata sasa.

Kanuni zilikuwa kwenye kijitabu cha Kiingereza. Nilizitafsiri mwenyewe, kwa mkono, zikapigwa chapa, kila mwalimu akapata nakala yake. Siku moja nikitafsiri nilikimwagia kijitabu chai ya maziwa, kurasa mbili zikagandana, na kwa kuwa sentensi iliyotangulia na ile iliyofuata zilionekana kama zinaungana vizuri, nikaendelea. (Chai hiyo tutairudia.)

Akiru alikuwa kidato cha pili. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kukusikiliza akiangalia miguu yako badala ya uso, na alikaa kwa shangazi yake mtaa wa Nakwamekwi. Tulifanya mazoezi kwa vile tulivyokuwa navyo. Viunzi vilikuwa fito za mti wa mathenge zilizochongwa miiba (siyo yote, muulizeni magoti yake). Kuruka umbali tulifanyia kwenye mchanga wa mto Turkwel ukiwa umekauka, kuruka juu aliangukia magunia tuliyojaza majani ya mkoma, na tufe lilikuwa jiwe la mviringo ambalo mama mmoja muuza samaki wakavu sokoni alitupimia kwenye mizani yake, akatuambia ni zito kidogo kuliko tunavyotaka, tukalichukua hivyo hivyo. Mkuki tulikuwa nao mmoja, wa shule. Mkuki wa Akiru ulikuwa na siku zake: leo ungeruka ukanyooka mpaka moyo ukatulia, kesho ungelala chali baada ya hatua chache. Kabla ya kurusha alikuwa akiburuta kisigino kwenye vumbi mara mbili na kutemea kiganja. Nilimwuliza nani alimfundisha hivyo, akacheka tu.

Sasa, jambo lililokuwa mezani. Kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana upande wa Kitale, yenye uwanja wa kweli na kocha wa kweli, iliyoahidi kumchukua msichana mmoja: mshindi wa michezo saba ya Kakuma. Mmoja tu. Na shangazi yake Akiru alikuwa amejifungua mapacha, nyumba imekuwa ndogo, amesema waziwazi kwamba muhula ukiisha mtoto aende Kitale au arudi kwa baba yake, mfugaji wa upande wa Kalobeyei, na tuliojua kurudi huko kulimaanisha nini kwa masomo hatukuhitaji kuelezwa. Akiru mwenyewe alijua. Aliniambia siku moja akifunga kamba za viatu, "Mwalimu, mimi nataka Kitale."

Basi tukaenda Kakuma, mimi, yeye, na Lokwang, mwalimu wetu wa hesabu, Mturkana wa kuzaliwa, aliyekuja kunisaidia kuandika alama. Mashindano yalifanyika kwenye uwanja wa kambi ya wakimbizi. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kupita ndoto. Aliruka viunzi kama mtu anayekimbia nyumbani, tufe (la chuma, jepesi kuliko jiwe letu) lilimtoka mkononi likaenda mpaka mwenyewe akashangaa, na jioni alikuwa anaongoza. Asubuhi ya pili aliruka umbali, akazidi kuongoza. Aliyemfuata, msichana mmoja wa kambini kutoka Sudan Kusini, alikuwa mbali.

Hapo ndipo baba yake alipofika. Sikumjua, Lokwang ndiye aliyenionyesha: mwanamume mwembamba, shuka begani, fimbo mkononi, na kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wanaume wa huko hutembea nacho, ekicholong. Alikuwa na wenzake wawili. Walikuwa wametoka upande wa Kalobeyei kwa miguu tangu kabla ya jua. Waliketi kwenye vigoda vyao mkabala na mahali pa kurushia mkuki.

Nilikuwa nimesikia (kutoka kwa nani, nitawaambieni, kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mitumba, wa kwetu Bungoma, aliyekaa Lodwar miaka tisa na hajui Kiturkana zaidi ya bei) kwamba mkuki huko ni kitu cha wanaume, na mwanamke kuushika mbele ya wazee ni kumdharau baba. Nikawatazama wale watatu, nyuso kavu, fimbo magotini, nikajiambia, Mungu wangu, wamekuja kuzuia. Watamtoa mtoto uwanjani mbele ya watu. Nikafanya hesabu haraka nyuma ya daftari. Hata akipata sifuri kwenye mkuki, uongozi wake ulitosha, mradi akimbie mita mia nane anavyozikimbia. Nikaona nimepata njia ya hekima, ya kumheshimu mzazi na kushinda pia. Huo ndio uamuzi wenyewe, wenzangu. Ulinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

"Akiru, mkuki utauacha," nikamwambia. "Hifadhi miguu."

Aliangalia miguu yangu. "Nisirushe hata moja?"

"Hata moja. Nimepiga hesabu."

"Sawa, mwalimu."

Lokwang alinivuta kando. "Umemwuliza baba yake?"

"Nimwulize nini, nimfedheheshe? Mambo mengine, bwana, mtu anayaelewa bila kuuliza."

"Mimi ndiye Mturkana hapa," akasema Lokwang, "na mimi ningemwuliza."

Sikumsikiliza. Nilikwenda kwenye meza ya waamuzi. Mwamuzi mkuu alikuwa mkimbizi wa Kongo, Papa Bisimwa, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kwao alikuwa amefundisha michezo maisha yake yote. Nikampa karatasi niliyoiandika kwa mwandiko mzuri: kwa heshima ya wazazi, mwanariadha wa Lodwar hatarusha mkuki. Akaisoma mara mbili.

"Mwalimu, unajua maana ya hii?"

"Naijua. Ni sifuri."

"Hapana, si sifuri tu, ile kanuni inasema..."

"Papa, nitakueleza polepole," nikamkatiza. Na nikamweleza. Nilimweleza mtu aliyefundisha michezo kabla sijazaliwa jinsi alama zinavyojumlishwa, nikamchorea na jedwali, nikamwambia sifuri nayo ni namba (hilo nililipenda sana, nilikuwa nimelisema mara nyingi darasani), na wakati wote huo sikujua kwamba kipaza sauti kilichokuwa juu ya meza hakikuzimwa, kwa hiyo maelezo yangu yote yalisikika uwanja mzima, mpaka kwenye vibanda vya chai ng'ambo ya barabara. Papa Bisimwa alinisikiliza mpaka mwisho. Akakunja karatasi yangu akaitia mfukoni.

"Nitamuita mara tatu," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Njo kazi yangu."

Akamwita mara tatu. "Akiru, Lodwar. Akiru, Lodwar. Akiru, Lodwar." Kila mara akinitazama mimi, siyo yeye, na kila mara nikampungia mkono nikitabasamu, kana kwamba tumeelewana. Akiru alikuwa ameketi kwenye kivuli cha kibanda, viatu amevaa. Wale wanaume watatu walikuwa wakitazama huku na huku. Wasichana wengine wakarusha, mikuki mingine ikaanguka chali, na baba yake Akiru akainuka, akaketi, akainuka tena. Nikamwambia Lokwang, "Unaona? Amefarijika."

Saa ya mita mia nane ikafika. Wasichana wakapanga mstari, Akiru katikati yao, akirukaruka kidogo kulegeza mapaja. Papa Bisimwa akasoma majina. Akasoma yote. La Akiru halikuwemo. Akamwendea, akamgusa bega, akamwambia kitu kwa sauti ndogo, na mtoto akatoka mstarini peke yake, akatembea mpaka pembeni ya uwanja, akasimama akiangalia miguu yake mwenyewe.

Nilikimbia. Nilifika mezani nikihema, na mtu mwenye akili angesema neno moja kwa adabu akasubiri jibu, lakini mimi nilianza kwa sauti ya juu, nikasema huu ni uonevu, nikasema nimeifundisha kanuni hii kwa walimu wa wilaya nzima, nikasema nionyeshwe hicho kifungu kiko wapi kwa sababu mimi ndiye niliyekitafsiri kitabu chenyewe, na kipaza sauti kilikuwa palepale, hai. Watu walianza kusogea. Vijana wa kambini walioketi juu ya ukuta miguu ikining'inia wakaanza kuitikia kila nilipopumua. "Mwalimu, eleza polepole!" Kicheko kikazunguka uwanja. "Buda, hatujaget, rudia!" akadakia mmoja kwa Sheng, kana kwamba kweli hawajaelewa.

Papa Bisimwa hakucheka. "Kitabu yako iko wapi?"

Nilikuwa nacho kwapani. Nikampa kwa kishindo. Alikifungua, akapita kurasa, akafika mahali akasimama. Akakiinua kwenye mwanga. Kisha akachomeka ukucha wa kidole gumba katikati ya karatasi mbili, taratibu, kama mama anayebandua bandeji kwenye kidonda cha mtoto, na kurasa zile zikaachana kwa mlio mdogo, na doa la chai lilikuwa hapo, kahawia, limekauka umbo la figo.

"Soma wewe mwenyewe," akasema. "Kwa Kiswahili, watu wasikie. Wewe njo mufasiri."

Nikasoma. Mnafahamu jinsi mtu anavyosoma barua ya msiba, macho yanatangulia na sauti inakataa kufuata? Kanuni ilisema mwanariadha asiyejitokeza kufanya hata jaribio moja katika mchezo wowote kati ya saba amejitoa katika mashindano, hataendelea na mchezo unaofuata, wala hatahesabiwa katika matokeo. Siyo kwamba anapata sifuri. Sifuri ni ya aliyejaribu akashindwa. Angekwenda Akiru akarusha mkuki ukaanguka kwenye vidole vyake vya miguu, angepata sifuri yangu ile niliyoipenda, akaendelea, akakimbia. Jaribio moja tu lilihitajika, la namna yoyote, hata baya kabisa. Mimi, ninayewaambia watoto kila siku kwamba kujaribu ni bora kuliko kukaa, ndiye niliyemkalisha.

Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mita mia nane zikakimbiwa. Msichana wa Sudan Kusini akashinda kwa haki yake, na alipopita mstari wa mwisho alimwendea Akiru kwanza kabla ya kuwaendea wake, akamshika mkono, wakasimama hivyo. Nafasi ya Kitale ilikuwa imekwenda.

Ndipo baba yake Akiru alipokuja. Nilijiandaa kwa fimbo, kusema kweli. Alisimama mbele yangu na kigoda chake mkononi, akasema kwa Kiswahili chake, "Mwalimu. Mimi nilikuja kuona mkuki."

Sikuelewa. Akamgeukia Lokwang, wakasema Kiturkana kwa muda, na Lokwang akawa ananitafsiria bila kunitazama. Mzee anasema binti yake alipokuwa mdogo, wakati wa ukame, alichunga naye mbuzi kwa kuwa hakuwa bado na mtoto wa kiume. Alimfundisha kuwarushia mbweha fimbo. Amesikia kwamba shuleni wanarusha mkuki na kwamba mtoto wake anaurusha vizuri. Amewaambia wenzake, wamembishia, ndiyo maana amekuja nao, waone kwa macho yao. Anauliza mtoto anaumwa bega?

"Haumwi," nikasema.

"Anauliza basi ni nani aliyekataa."

Kuna maswali ambayo mtu angetoa ng'ombe asiyajibu. Nikajibu. Nikasema ni mimi, nilidhani yeye angechukia. Lokwang akatafsiri. Wale wenzake wawili wakatazamana. Baba yake Akiru akasema maneno machache.

"Anasema," Lokwang akanitafsiria, "siku nyingine ukitaka kujua anachokataa, umwulize. Anasema yeye hana shida kukataa."

Kisha akaenda mezani kwa Papa Bisimwa, na sijui waliongea lugha gani, maana mmoja alikuwa na Kiswahili cha Kongo na mwingine alikuwa na maneno kama ishirini, lakini Papa aliinuka akachukua mkuki, akampa Akiru kwa mikono miwili. "Hii haitahesabiwa, mama," akamwambia. "Lakini rusha."

Watu walikuwa wameanza kuondoka, wakasimama. Akiru alivua viatu. Akaburuta kisigino kwenye vumbi mara mbili, akatemea kiganja, na nilipomtazama baba yake pale pembeni, kisigino chake nacho kilikuwa kikichora vumbi, taratibu, bila yeye kujua. Akakimbia, akarusha. Ilikuwa siku yake. Mkuki ulipanda ukanyooka, ukakaa hewani muda ambao bado nauona, ukachoma ardhi ng'ambo ya alama zote za asubuhi. Hakuna aliyeupima kwa utepe, kanuni haikuruhusu. Baba yake aliupima kwa nyayo zake, kisigino kwa kidole, akihesabu kwa sauti, wenzake wakimfuata nyuma kuhakikisha hadanganyi.

Tulirudi Lodwar kesho yake. Njiani nilimwomba msamaha, kwa maneno mengi kama kawaida yangu, mpaka yeye akanisaidia kunyamaza.

"Mimi nilidhani unajua," akasema. Basi.

Nilirudi kwenye nakala zangu zote za walimu, nikazunguka shule moja moja, Katilu mpaka Kalokol, kuziongezea kifungu kile kwa kalamu, na kila nilikofika habari ilikuwa imenitangulia. Mpaka leo Kakuma watoto huniita Polepole. Nilikwisha kuacha kukasirika. Ni jina nililolitafuta mwenyewe, kwa kipaza sauti.

Muhula ulipokwisha nilingoja kuambiwa kwamba Akiru amerudi Kalobeyei. Badala yake siku moja lori likashusha mbuzi wawili wa maziwa mlangoni pa shangazi yake Nakwamekwi, kutoka kwa baba, kwa ajili ya mapacha, na ujumbe kwamba mtoto akae kwanza, amalize mwaka. Haikuwa Kitale. Sitawadanganya kwamba ilikuwa sawa na Kitale, maana haikuwa, na nafasi ile haikurudi tena.

Lakini jioni ya kwanza ya muhula wa pili alikuja mtoni kwenye mazoezi, akasimama mbele yangu akiangalia miguu yangu. Nilikuwa na ratiba nzima mfukoni, wiki kumi na mbili, kila siku na kazi yake. Niliiacha mfukoni. Nilikuwa nimeapa, na kiapo hicho nakishika hata sasa, kwamba simkalishi tena mtu kwa jambo nisilomwuliza.

"Unataka tuanze na nini?" nikamwuliza. Tangu nilipoanza kumfundisha lilikuwa swali la kwanza la aina hiyo.

"Mkuki," akasema.

Nikaenda kuuleta, bila kueleza chochote.